Upande wa Pili wa Sinia

Mume wangu alizikwa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi nikajiandaa kwenda kazini. Msidhani nilikuwa jasiri. Niliamka, nikaoga, nikavaa, kwa sababu ndivyo nifanyavyo kila Jumatatu, na miguu ikaanza kuelekea barabarani yenyewe. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi nje ya jiko lake akichambua mboga. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda shuleni. Akatamka neno moja tu, "Chola," kisha akaendelea na mboga zake, nami nikarudi ndani nikavua viatu.

Chola ni kile kipindi ambacho mjane wa Kijaluo anakaa na msiba wake. Siku hizi si kila boma linakishika, na wanaokishika hawakishiki namna moja. Kanisani kwetu mchungaji alishasema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe wangu, ambaye hakosi ibada hata mvua ikinyesha, alimsikiliza mchungaji kwa adabu na kubaki na masharti yake: nisiingie nyumba ya mtu mwingine, nisipeane mkono na watu, nile kwenye sahani yangu, nikalie kigoda changu, na zaidi ya yote nisimpakate wala nisikae bega kwa bega na mtoto asiye wangu, mpaka wazee wa ukoo wapange siku ya kunitoa. Anayevunja hayo huleta chira, yaani balaa la mwiko uliovunjwa, na chira haina haki. Mara nyingi haimshiki aliyekosa, humshika mtoto. Mama huyu alikuwa amezika wajukuu kabla ya kumzika mwanawe, kwa hiyo sikuona sababu ya kumcheka.

Wala sikubishana naye. Kubishana kunataka nguvu, na mimi nilikuwa mtu anayeshika kikombe cha chai mpaka chai inapoa mkononi. Mtoto asiye wangu, alisema, na mimi sina wangu, hatukujaliwa. Kwa hiyo sharti hilo lilimaanisha watoto wote wa dunia.

Watu hutegemea mjane alie. Walikuja, wakakaa, wakanitazama usoni wakingoja, na nilipokosa kulia wakaanza kulia wao ili kunisaidia. Niliwaona wazi, nikasikia kila walichosema, na hakuna kilichoingia. Jirani mmoja alinisifu kwamba nina imani kubwa. Sikuwa na imani kubwa wala ndogo. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, tofauti ni kwamba mguu baadaye unauma na mimi sikuuma.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha watoto wadogo katika shule moja upande wa Ndhiwa, wale wanaoanza kujua kwamba herufi ina sauti na kwamba sauti mbili zikikutana zinazaa kitu. Mwalimu mkuu alinipigia simu akaniambia nipumzike mpaka nitakapokuwa sawa. Alisema kwa upole sana. Nilijua wazazi walikuwa wameshamfikia. Mwalimu wa wadogo anashika mikono siku nzima, anafuta makamasi, anafunga vifungo, na kwa wakati ule mkono wangu haukutakiwa. Sikukasirika. Nilimwambia asante, nikakaa kwenye kigoda changu mlangoni, na huko nikakaa wiki baada ya wiki.

Ndipo mtoto akaletwa.

Alikuwa binti wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikwenda Nairobi kutafuta kazi na simu yake ikawa haipatikani mara nyingi kuliko inavyopatikana. Mama yake mtoto alikuwa anafanya kazi Rongo, jikoni kwenye hoteli moja ya kando ya barabara kuu. Mtoto mwenyewe alikuwa amelelewa na bibi yake mzaa mama kwenye kisiwa cha Takawiri, na bibi huyo alipougua, mtoto akaletwa kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Alikuwa anakaribia miaka saba. Shule alikuwa ameisikia zaidi kuliko kuiona. Aliweza kuimba alfabeti yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea, na hakujua herufi hata moja. Nimekutana na wengi wa namna hiyo. Ukiwaonyesha herufi peke yake wanakutazama, wakingoja uanzishe wimbo.

Jumapili moja mama yake akaja kutoka Rongo kututembelea. Alikaa kwenye mkeka, mbali nami kidogo kama ilivyotakiwa, na kuniita nyieka. Maana yake ni mke mwenza, na ndivyo sisi tulioolewa na ndugu tunavyoitana, nusu utani nusu heshima.

"Nyieka, shule nimepata, iko karibu kabisa na pale kazi," aliniambia. "Lakini ya gredi wani lazima mtoto afanye intavyu. Asome. Akishindwa wanamrudisha bebi klasi, na hao wa bebi wanatoka saa sita. Mimi natoka jioni. Sasa huyu nitamwacha na nani? Itabidi akae tu huku."

Mtoto alikuwa amesimama pembeni mwa nyumba akikuna ukuta kwa kijiti. Hakutazama mtu. "Mimi nataka kukaa na Mama," alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kiti chake. Mama yake akainama akaanza kufunga upya kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Wewe ni ticha," akaniambia akiwa ameinama vile vile. "Nisaidie."

Nikasema sawa. Sikukubali kwa huruma, kwa maana huruma sikuwa nayo. Nilikubali kwa sababu niliulizwa.

Mama mkwe ndiye aliyepanga namna ya kukaa. Kigoda changu mlangoni, upande wa ndani wa baraza. Mkeka wa mtoto ukingoni, upande wa nje. Katikati akaweka sinia lile kubwa la maua ambalo zamani tulikuwa tunawatilia wageni chakula, akalijaza mchanga laini wa mtoni. Vitabu vyangu vilikuwa vimefungiwa kwenye kabati la shule, lakini kwa mwanafunzi mmoja mchanga unatosha. "Yeye huko, wewe huku," mama mkwe akasema. "Sinia libaki kati." Kisha akahamisha kazi zake zote, mboga, maharagwe, dagaa za kuchagua, akaja kuzifanyia mahali ambapo angeliona sinia.

Nilianza na m na a. Kuna watu wanaanza na b kwa sababu ya baba, na watu hao nimegombana nao kwenye semina nyingi. Sauti ya b haivutiki. Ukiitoa peke yake inakatika, na mtoto anabaki na vipande viwili ambavyo havitaki kuungana. Lakini m unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe, halafu ukafungua mdomo, na a iko pale pale inakungoja. Nikamwandikia mchangani kwa kidole. Mmmm. Aaaa. Nikamwambia avute, asikate, sauti ya kwanza isizimike mpaka ya pili iwake. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Akasema ma. Akatazama mchanga, akasema tena ma, halafu akanitazama kwa mashaka, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei rahisi mno.

Mwalimu ni kitu cha ajabu. Mimi sikuwepo, lakini mwalimu alikuwepo. Mdomo ulifundisha wenyewe, kidole kiliandika chenyewe, na mimi nilikuwa nyuma huko nikisikia kwa mbali. Tulimaliza irabu, tukaingia kwenye s na l na n, ambazo nazo huvutika, ndipo tukafika kwenye zile za kukatika. Alipofika kwenye k alikaa nayo muda mrefu.

"Ticha, hii inakohoa," akasema.

"Ipe i, itapona."

"Ki," akasema. Akacheka. Nami nikaona kwamba hapo ni mahali pa kucheka, nikasogeza midomo.

Akataka maneno yake mwenyewe. Mtoto wa kisiwani hataki kuandikiwa saa wala sufu. Alitaka samaki, na tulipolipata, sa, ma, ki, aliliandika na kulifuta na kuliandika tena mpaka jioni. Alipokuwa akiandika kwa kidole chake, niliziona herufi zimesimama vizuri mbele yangu, zinasomeka bila taabu. Nilifuta mchanga kwa kiganja na kumpa neno jingine.

Mara nyingine nilipotea. Kidole kilikuwa kinabaki mchangani katikati ya herufi, na mtoto ndiye aliyenirudisha. "Ticha, umelala," alikuwa akisema. Sikuwa nimelala. Lakini nilimalizia herufi, na yeye akaisoma, na siku ikasonga. Kufikia muhula wa mwisho alikuwa anasoma sentensi nzima iliyojaza sinia lote kwa mistari. Paka amekula samaki wa mama. Alisoma bila kubahatisha, kwa sauti moja moja na kisha kwa pamoja, jinsi ninavyopenda. Hata mama mkwe aliacha kuchagua dagaa akasikiliza.

Siku moja kabla ya intavyu mama yake alikuja kumchukua, wakalala Rongo. Siku yenyewe nilikaa mlangoni na sinia mbele yangu. Sikuwa na wasiwasi. Kama kuna kitu kimoja nilichokuwa na uhakika nacho katika miezi ile, ni kwamba mtoto yule alikuwa anasoma. Simu ikalia kabla ya saa sita.

"Nyieka," mama yake akasema. Kulikuwa na kelele za sufuria nyuma yake, alikuwa amesharudi kazini. "Ameshindwa. Hakuna kitu alisoma."

"Hata maneno mafupi?"

"Hata moja. Na aliniaibisha. Mwalimu alimpa kitabu, huyu akakigeuza juu chini. Mwalimu akamrudishia vizuri, akageuza tena. Tena. Mwalimu akaniuliza kama huyu mtoto ashawahi kushika kitabu. Nyieka, kwani mlikuwa mnafanya nini huko?"

Nililitazama sinia. Kigoda changu upande huu. Mkeka upande ule. Mchanga kati, na juu yake neno la mwisho nililomwandikia jana yake, limesimama vizuri kabisa mbele ya macho yangu. Nikanyanyuka, nikazunguka, nikakaa kwenye mkeka wake na kulitazama tena kutoka huko. Lilikuwa miguu juu, na lilianzia kulia.

Ndivyo alivyojifunza. Kila herufi aliyoijua aliijua ikiwa kichwa chini, kwa sababu mwalimu wake alikuwa ng'ambo, na alipoandika aliandika kama alivyoona, kichwa chini upande wake na sawasawa upande wangu. Kule Rongo hakuwa akicheza. Alipewa kitabu kilichopinduka, kwa macho yake, akajaribu kukiweka sawa, na mtu mzima akakipindua tena. Nilimweleza mama yake kwenye simu. Sufuria ziliendelea kugongana nyuma yake.

"Sasa?" akauliza.

"Mlete. Na umwombe huyo mwalimu ajaribu tena shule zikifunguliwa."

Nikiwa na moyo wangu wa kawaida ningelia au ningecheka. Nilichofanya ni kusawazisha mchanga.

Wakaja Jumamosi. Mwalimu wa Rongo alikuwa amekubali, tena alikuwa amemwazima mtoto kitabu kidogo chembamba cha kusomea likizoni. Mtoto aliingia bomani bila kunitazama, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mama yake akaniambia amekuwa hivyo tangu siku ile, hasemi. Alipoondoka jioni mtoto hakumsindikiza. Alikuwa ameshaelewa kwamba kuna kitu amefanya kinachomzuia kukaa na mama yake, na kitu chenyewe hakukijua.

Nilijaribu kurekebisha mambo kutoka pale pale nilipokuwa. Nilimpa kitabu kikiwa sawa upande wake, nami nikanyoosha mkono juu ya sinia kumwonyesha kwa kidole. Lakini kushoto kwangu ni kulia kwake. Nikisema anza hapa, kidole changu kinaanzia upande mmoja na macho yake upande mwingine. Nikajaribu kumwandikia mchangani nikigeuza herufi, zikatoka zimepinda kama za mlevi. Naye kila nilipompa kitu kilichosimama wima alishika ukingo wa sinia kulizungusha, halafu akakumbuka Rongo, akaacha mikono hewani. Mwishowe akaiweka mapajani na kutazama chini. Kusoma hufundishwa na watu wawili wanaotazama kitu kimoja kutoka upande mmoja. Jambo hilo nilikuwa nimelifanya kila siku ya kazi yangu bila kujua kwamba ni jambo.

"Njoo huku," nikamwambia. "Kaa hapa kando yangu."

Hakusogea. Alimtazama bibi yake. "Dani amekataza," akasema. Dani ndivyo watoto wa huku wanavyomwita bibi.

Mama mkwe alikuwa na ungo wa maharagwe mapajani. Hakuinua uso. Tulizungumza Kijaluo, na nayaandika hapa kama nilivyoyasikia.

"Mama," nikamwambia, "huyu mtoto hatasoma akiwa kule."

"Si amesoma miezi yote hii?"

"Amesoma kichwa chini. Wewe mwenyewe umesikia."

"Wazee hawajapanga siku yako."

"Siku ya wazee itakuja baada ya shule kufunguliwa."

Akachukua haragwe moja, akalitazama, akalitupa. "Unataka nimzike na huyu?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ili ajiandae.

Ningeweza kumwambia habari za mchungaji, au za wajane wa Homa Bay mjini wanaorudi ofisini baada ya wiki. Lakini alikuwa amewabeba mikononi mwake wale wajukuu waliokufa, mimi sikuwabeba. "Sijui, Mama," nikasema. "Ninachojua ni kwamba anamtaka mama yake."

Kisha akaweka ungo chini, akanyanyuka, akashika kigoda chake, akakigeuza mpaka mgongo wake ukatuelekea, akakaa tena akitazama ghala. Akachukua ungo wake, nikasikia maharagwe yakianza kuchaguliwa.

Mtoto akazunguka sinia. Alikuja taratibu, akakaa kando yangu, na kwa kuwa kigoda ni kidogo aliniegemea upande mzima wa kushoto. Alinuka moshi na sabuni ya kipande. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amenigusa. Nilidhani basi hapa ndipo patapasuka kitu, nikangoja, hata mwili nikaukaza kidogo. Hakikupasuka kitu. Nilihisi uzito wa mtoto mdogo na joto lake, kama unavyohisi uzito wa ndoo. Nikafungua kitabu magotini mwetu, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, kushoto, na sasa kushoto kulikuwa kwetu sote.

Likizo yote tulikaa hivyo. Sauti alikuwa nazo, na kuunganisha alikuwa anajua. Ni sura tu zilizomchanganya, alikuwa kama mtu aliyewazoea jamaa zake kwa visogo. Alikasirika. Alipiga kitabu kofi. Siku moja aliniambia mimi ndiye niliyeharibu herufi, nikamwambia ndiyo, soma. Na mama mkwe kila asubuhi alimwita jikoni kwake, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akamwachia aende.

Katikati ya likizo mtoto akapata homa. Ilianza mchana, mwili ukawa moto na macho mekundu. Mama mkwe hakunisemesha neno. Alimlaza kitandani kwake, akakaa kando yake, na nilipofika mlangoni alinitazama mara moja tu na kugeuza uso. Nyumba ile sikuruhusiwa kuingia. Nilisimama nje. Nilijiuliza kama ninaogopa, nikachunguza kifua changu kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo, na sikupata kitu. Hilo ndilo lililonisumbua, kama kusumbuka ndilo neno lake. Walimpeleka zahanati, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Siku chache baadaye alitoka akija kwangu na kitabu kwapani, miguu ikiwa bado haina nguvu, akakaa mahali pake. Mama mkwe akakigeuza tena kigoda chake kuelekea ghala. Sijawahi kumshukuru kwa hilo, na sidhani kama angetaka.

Shule zilipofunguliwa nilisema nitakwenda naye Rongo. Mama mkwe akafikiri, akasema shule si nyumba ya mtu. Kwa hiyo nikaenda.

Ofisi ya mwalimu wa gredi ya kwanza ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja, yeye nyuma yake na kiti cha mtoto mbele. Mimi na mama yake mtoto tulisimama mlangoni. Mama yake alikuwa amevaa sare ya kazini chini ya sweta, kwa sababu alitakiwa kurudi mara moja. Alinishika mkono, akakumbuka, akauachia, halafu akaushika tena.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaweka kitabu mezani, akakigeuza kwa uangalifu kumwelekea mtoto. "Haya, leo tusome," akasema.

Mtoto akakitazama kitabu. Akamtazama mwalimu. Nikaona mikono yake ikiinuka kuelekea ukingo wa kitabu, na mama yake akanibana vidole. Lakini mtoto hakukigusa. Aliteremka kwenye kiti, akakishika kwa mikono miwili, akakiburuta kuzunguka meza, miguu ya kiti ikipiga kelele sakafuni, mpaka upande wa mwalimu. Akakiweka kando ya kiti cha mwalimu. Akakipanda. Akavuta kitabu katikati yao, sawasawa, akamwegemea yule mwanamke asiyemjua kwa upande wake mzima, bega mpaka kiuno, kama ndivyo kusoma kunavyofanywa duniani kote. Mwalimu alishangaa kidogo, kisha akainua mkono kumpa nafasi, na mkono huo ukashuka mgongoni kwa mtoto ukabaki huko.

Mtoto akaanza kusoma. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akavuta sauti, hakukata. Alisoma mstari, akasoma wa pili, akafunua ukurasa. Najua alisoma vizuri kwa sababu niliambiwa baadaye. Mimi sikusikia. Nilikuwa nautazama mkono ule mgongoni mwake, na nilitaka kwenda kuutoa. Ulikuwa wivu, wivu wa kweli kabisa, wa kuona haya, na ulinichoma upande wote wa kushoto mahali alipokuwa akiniegemea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nihisi kitu chochote, na kilipoingia hakikuingia peke yake. Nilielewa kwamba mtoto huyu anaenda kukaa na mama yake, kama alivyotaka na kama nilivyomfundisha aende, na kwamba jioni nitarudi nyumbani na mume wangu hatakuwepo. Nilikuwa nimeambiwa hivyo na watu wengi. Hapo mlangoni ndipo nilipojua.

Mama yake mtoto akaniinamia. Uso wake ulikuwa unacheka na machozi pia.

"Nyieka, unalia nini?" akaninong'oneza. "Amepita."

"Najua," nikasema, na sikuweza kunyamaza.